Korona Haijaahidi Kupoa

Kila likitajwa jina jipya, swali ni lilelile. Liliulizwa kwa Delta, likaulizwa kwa Omicron, likarudi na XBB.1.5 iliyobandikwa jina la Kraken, kisha na JN.1 mwishoni mwa 2023, na NB.1.8.1 mwaka 2025. Abiria wa daladala anauliza, mtangazaji wa redio anauliza, hata muuguzi wa zahanati anauliza: “Hiki kipya kinaua, au kimeshapoa?” Mara nyingi muulizaji tayari ana jibu lake. Ameambiwa kwamba kila kirusi hupoa kadiri kinavyozeeka, kwa kuwa kirusi chenye akili hakimuui anayekihifadhi. Ameambiwa kwamba hiyo ni sheria ya maumbile, na kwamba Omicron ndiyo ushahidi wake.

Sheria hiyo haipo.

Kabla ya kuivunja imani hiyo, swali lenyewe linahitaji kunyooshwa. Linaulizia ukali peke yake, yaani mtu akishaambukizwa ana hatari kiasi gani ya kulazwa au kufa. Halijali aina hiyo inasambaa kwa kasi gani, ilhali kasi ya kusambaa ndiyo inayojaza wodi. Tuseme mji una wagonjwa 1,000, kila mmoja anaambukiza wastani wa watu 1.2, na katika kila 100 walioambukizwa anakufa mmoja. Ukifika mzunguko wa tano wa maambukizi, wagonjwa wapya wa mzunguko huo ni karibu 2,490, na vifo vyao ni 25. Ongeza ukali kwa nusu: vifo vinakuwa 37. Sasa rudisha ukali pale ulipokuwa, uongeze kasi ya kusambaa kwa nusu, kila mgonjwa aambukize watu 1.8. Mzunguko wa tano unaleta wagonjwa karibu 18,900 na vifo 189. Ugonjwa ni uleule na kila mgonjwa ana hatari ileile, lakini vifo vimezidi mara saba.

Hesabu hii si ya darasani tu. Ugonjwa wa SARS uliozuka kusini mwa China mwishoni mwa 2002 uliua karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi. Ulipodhibitiwa Julai 2003, dunia nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa 8,096 na vifo 774. UVIKO-19 huua sehemu ndogo sana ya wanaoupata ukilinganisha na SARS, lakini vifo vilivyoripotiwa kwa Shirika la Afya Duniani (WHO) vimepita milioni 7, na makadirio ya shirika hilo ya vifo vya ziada kwa 2020 na 2021 pekee ni karibu milioni 15. Mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi akiwa tayari hoi kitandani, kwa hiyo kumtenga kulitosha kukata mnyororo. Mgonjwa wa korona huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hata hajajisikia vibaya, akiwa sokoni, msikitini, kanisani au kwenye basi la Mwanza.

Hapo ndipo hadithi ya kirusi chenye akili inapokosa miguu. Wanaoisimulia hudai kwamba kirusi kikimuua mtu kinajikosesha makazi, basi lazima kitajirekebisha. Lakini kirusi hakina nia wala hakipangi. Kinajinakili mamilioni ya mara, kinakosea katika kunakili, na miongoni mwa nakala zenye makosa inatamba ile iliyomfikia mtu wa pili kabla ya wenzake. Hakuna kigezo kingine. Mgonjwa wa korona huambukiza zaidi katika siku chache zinazozunguka mwanzo wa dalili. Akifa, kwa kawaida hufa wiki mbili, tatu au nne baadaye. Wakati huo kirusi kilishaondoka mwilini mwake zamani na kuingia kwa mkewe, kwa watoto wake na kwa wenzake wa kazini. Katika mbio za kusambaa, atakayekufa siku ya ishirini na atakayepona siku ya saba wamemaliza kazi ileile. Kifo kinachokuja kwa kuchelewa namna hiyo hakikiadhibu kirusi, na kisichoadhibiwa hakina sababu ya kubadilika.

Ushahidi wa korona yenyewe unatosha kuifunga hoja hii, kama watu wangekumbuka mpangilio wa matukio. Alpha iligunduliwa kusini mashariki mwa Uingereza, katika sampuli za Septemba 2020. Ilisambaa kwa kasi iliyozidi ya watangulizi wake kwa takriban nusu, na tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba hatari ya kufa kwa walioipata ilikuwa juu kwa karibu asilimia 60. Ikaja Delta kutoka India. Mapema Mei 2021 India ilikuwa ikiripoti wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku moja, ndugu wakizunguka mijini kutafuta mitungi ya oksijeni. Takwimu za Uingereza zilipolinganisha Delta na Alpha, hatari ya kulazwa hospitali ilikuwa karibu mara mbili. Mabingwa wawili waliofuatana walishinda wenzao kwa kusambaa, na wote wawili walikuwa wakali zaidi ya waliowaondoa. Kama kungekuwa na sheria ya kupoa, mwaka mzima wa 2021 uliivunja.

Wanaoshikilia imani hii hupenda pia mfano wa sungura wa Australia, na inafaa kuwarudishia mfano wao ukiwa mzima. Mwaka 1950 Australia ilivisambaza makusudi virusi vya miksoma ili kupunguza sungura waliokuwa wakiangamiza malisho. Mwanzoni viliua zaidi ya sungura 99 katika kila 100. Baada ya miaka michache, aina zilizotamba zilikuwa zimepungua ukali, na hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Hawasemi kwamba “kupungua” huko kulimaanisha aina zinazoua kati ya sungura 70 na 95 kwa mia. Wala hawasemi kwamba sungura walipoanza kurithishana ustahimilivu, virusi navyo vilijibu kwa kuzalisha aina kali zaidi, zenye uwezo wa kuipooza kinga ya mnyama. Hakuna daktari ambaye angemfariji mzazi kwa mfano wa namna hiyo.

Ndui iliishi na binadamu kwa karne nyingi, na hadi karne ya 20 aina yake kali ilikuwa bado inaua karibu watatu kati ya kila wagonjwa kumi. Ilikuwepo pia aina nyepesi, iliyoua takriban mmoja kwa mia, lakini haikuifuta ile kali. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Kilichouondoa ugonjwa huo duniani ni chanjo na wahudumu waliotembea nyumba kwa nyumba. Ndui haikupoa yenyewe. Kichaa cha mbwa, ambacho binadamu anakijua tangu kale, bado kinamuua karibu kila mtu anayefikia kuonyesha dalili. Na mwaka 2022 watafiti walieleza aina ya Virusi vya Ukimwi (VVU) iliyokuwa imezunguka Uholanzi kwa miongo, yenye wingi wa virusi katika damu kati ya mara 3.5 na 5.5 kuliko kawaida, na inayoshusha kinga haraka zaidi. Imani ya kupoa ingefuatwa, mgonjwa mwenye aina hiyo angeambiwa asubiri.

Sasa Omicron.

Afrika Kusini na Botswana ziliitambua Novemba 2021. Taarifa ilifika WHO tarehe 24, na tarehe 26 ikapewa jina. Ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 katika protini ya mwiba pekee, ile sehemu ambayo kirusi huitumia kushika seli. Ni kweli kwamba kwa mtu mmoja mmoja iliumiza kidogo kuliko Delta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong waliiotesha katika vipande vya njia ya hewa ya binadamu na kukuta kwamba ndani ya saa 24 ilijizalisha karibu mara 70 zaidi ya Delta kwenye mirija ya hewa, lakini ndani ya mapafu yenyewe ilizorota. Kirusi kinachokaa juu kwenye koo na mirija hutoka kirahisi kwa kikohozi na maongezi, na huharibu mapafu kwa kiasi kidogo. Hiyo ni sehemu ya jibu, na mtaalamu mwaminifu haifichi.

Sehemu ya pili ndiyo isiyosimuliwa. Omicron ilipoingia mkoa wa Gauteng, karibu watu 7 kati ya 10 walikuwa tayari na kingamwili, wengi wao kwa kuugua katika mawimbi yaliyotangulia, mawimbi ambayo yalizika watu wengi mno. Kirusi kilikutana na miili iliyokwishafundishwa. Ili kujua kingefanya nini kwa miili isiyofundishwa, tazama Hong Kong mwanzoni mwa 2022. Mji huo wa watu milioni 7.4 ulikuwa umeizuia korona kwa miaka miwili, ukiwa na vifo 200 na ushei tu. Wazee wake wengi, hasa wenye umri wa miaka 80 na zaidi, walikuwa hawajachanjwa. Omicron aina ya BA.2 ilipopenya, katika miezi michache iliua watu wapatao 9,000, na kwa kipindi fulani kiwango cha vifo Hong Kong kilikuwa cha juu kuliko popote duniani. Miezi hiyohiyo New Zealand nayo ilikumbwa na Omicron, ikiwa nayo imejifungia kwa miaka miwili, lakini wazee wake walikuwa wamechanjwa. Vifo vyake kwa kulinganisha na idadi ya watu vilikuwa vichache mno. Hali ya hewa haielezi tofauti hiyo, wala tabia ya kirusi.

Marekani nayo ilitoa somo lake mapema 2022. Omicron, iliyotangazwa kila mahali kuwa nyepesi, ilifikisha wastani wa vifo vya kila siku juu ya kilele cha wimbi la Delta, kwa sababu iliambukiza watu wengi mno kwa wakati mmoja. Anayesema “hii ni nyepesi” bila kusema “kwa nani” na “kwa wangapi” hajasema kitu.

Zaidi ya hayo, Omicron haikuzaliwa na Delta. Ilichipuka kutoka tawi lililojitenga tangu 2020, wakati Delta bado haijajulikana. Hoja kwamba Delta ilipungua makali ikawa Omicron haina hata nasaba ya kuishikilia. Aina itakayofuata inaweza kuchipuka kutoka tawi lolote, na hakuna kinacholazimisha tawi hilo liwe pole. Moja ya chemchemi zinazojulikana ni mwili wenye kinga dhaifu ambao unashindwa kukifukuza kirusi kwa miezi. Nchini Afrika Kusini alichunguzwa mgonjwa mmoja mwenye VVU visivyodhibitiwa aliyebaki na korona kwa siku 216, na katika muda huo kirusi kikakusanya mabadiliko zaidi ya 30. Kumhakikishia kila mwenye VVU dawa zake bila kukatizwa ni kinga dhidi ya aina mpya pia, jambo ambalo wapangaji wa bajeti za afya Afrika Mashariki hawapaswi kukumbushwa mara mbili.

Wingi wa mabadiliko nao si kipimo cha hatari, ingawa ndio hutengeneza vichwa vya habari. Februari 2021 wasafiri waliotoka Tanzania walipimwa walipofika Angola, wakakutwa na aina iliyokuwa na mabadiliko mengi kuliko karibu zote zilizojulikana wakati huo. Iliwashtua wanasayansi, wakaiweka kwenye uangalizi. Haikutamba. Delta ilikuwa na mabadiliko machache zaidi, nayo ikaizunguka dunia.

Hata neno “inasambaa zaidi” huficha mambo mawili. Aina inaweza kushinda kwa sababu imeimarika katika kuingia mwilini na kujizalisha kwa wingi. Delta ilikuwa hivyo. Au inaweza kushinda kwa sababu inapita pale ambapo kinga ya zamani ingezuia nyingine. Watafiti wa Denmark walifuatilia kaya mnamo Desemba 2021, Delta na Omicron zikizunguka pamoja. Kwa wanakaya ambao hawakuchanjwa, tofauti ya kuambukizana ilikuwa ndogo. Kwa waliochanjwa, Omicron iliizidi Delta kwa mbali. Msomaji asielewe kinyume: chanjo iliendelea kuwapunguzia watu maambukizi, kulazwa na vifo, ilichokuwa ikifanya ni kuizuia Delta vizuri kuliko ilivyoizuia Omicron. Kingamwili zinazoelea puani na kooni hudanganywa kwa urahisi na mwiba uliobadilika. Seli za kinga zinazokuja baadaye kuwaondoa wavamizi hutambua vipande vingi vya kirusi, na ndiyo maana mtu huugua tena lakini hafiki chumba cha mahututi.

Ukali hujulikana mwisho, na hili liwafikie wahariri. Kasi ya kusambaa huonekana ndani ya wiki chache kwa kuhesabu sampuli za maabara. Ukali unangoja wagonjwa walazwe, wapone au wafe, kisha walinganishwe kwa umri, chanjo na maradhi mengine. Wanaoambukizwa mwanzo mara nyingi ni vijana na wasafiri, watu ambao wangepona hata kwa aina kali. Tangazo la ukali au upole katika wiki ya kwanza ni kubahatisha, hata likitoka kwenye mdomo wa profesa.

Kuna wanaosema kwamba kwetu Afrika kirusi kilikuwa na makali pungufu. Delta iliyoingia Kisumu Mei 2021 ndiyo iliyosababisha serikali ya Kenya kubana kaunti 13 za Ziwa na magharibi mwezi uliofuata, na Juni hiyohiyo Uganda ikajifungia kwa siku 42 wodi zikiwa zimeelemewa. Mjini Lusaka, watafiti waliopima maiti katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya rufaa mwaka 2020 walikuta korona kwa kati ya 15 na 19 katika kila 100, na wachache tu kati yao ndio waliokuwa wamepimwa wakiwa hai. Umri wa kati wa Mtanzania ni karibu miaka 18, wa Mwitaliano unapita 45, na hatari ya korona hupanda kwa kasi kadiri umri unavyopanda. Ujana wa watu wetu ulipunguza vifo. Kirusi hakikutuhurumia, na bibi wa Kariakoo au wa Kibokoni hana ulinzi wa takwimu za wajukuu zake.

Basi cha kufanya, bila kujali jina lililotangazwa wiki hii. Mwenye umri mkubwa, kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, kinga dhaifu au ujauzito aulize kituo cha afya kama chanjo inapatikana, akieleza ni lini alichanjwa mara ya mwisho. Chanjo ya zamani ni bora kuliko kutokuwa nayo. Mwenye kikohozi na homa avae barakoa na asiende kumsalimia mzee. Madirisha yafunguliwe, hasa kwenye madarasa, misiba na mabasi. Mwenye hatari kubwa apimwe siku za mwanzo, kwa sababu dawa ya Paxlovid, pale inapopatikana, huanzishwa ndani ya siku tano tangu dalili zianze, na daktari lazima ajue dawa nyingine anazotumia. Kipima oksijeni cha kidoleni kikionyesha chini ya asilimia 94, mgonjwa awasiliane na daktari. Chini ya 90 ni dharura ya kwenda hospitali sasa hivi. Deksamethasoni hupunguza vifo kwa anayehitaji oksijeni tu, si ya kumeza nyumbani. Antibayotiki haziui kirusi. Ivermectin ilipimwa katika majaribio makubwa na haikufaa. Kujifukiza hakufiki kilipo kirusi, na maji ya moto yameshaunguza watoto.

Afrika Mashariki ina watu wanaoweza kuona aina mpya kabla haijatuzidi. Maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kule Kilifi na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe zilisoma vinasaba vya korona tangu mwanzo wa janga, na WHO ilipotangaza Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa imekwisha, haikusema kirusi kimekwisha. Maabara hizo haziwezi kusoma sampuli ambayo haikuletwa. Wizara ziendelee kuzilipia. Hospitali yenye kundi la wagonjwa wa mapafu wasioeleweka ipeleke sampuli mapema, na mgonjwa akiombwa kupimwa, akubali.